Fazi ya kujitengenezea: transista moja, mbili au nne?

Kila nikimwonyesha mpiga gitaa pedali niliyoiunda kwa mkono, swali linakuwa lilelile: "Na mimi nikitaka kuunda, nianze na ipi?" Zamani nilijibu kwa kutaja sauti ninayoipenda mimi. Siku hizi namuuliza kwanza anapiga wapi, ana mita ya kupimia volti au hana, na wenzake kwenye bendi ni akina nani. Fazi tatu ninazozilinganisha hapa zote zinatoa sauti tamu zikikaa sawa. Zinapotofautiana sana ni kwenye ukorofi wake, na ukorofi ndio utakaoishi nao.

Kwa ambaye hajawahi kuigusa: fazi ni pedali, yaani kasha la kukanyaga kwa mguu lililo kati ya gitaa na ampu. Inachukua mawimbi ya gitaa, inayakuza kupita uwezo wa transista (kifaa kidogo cha miguu mitatu kinachokuza umeme), halafu vichwa vya mawimbi vinakatwa bapa. Sauti inakuwa nene, yenye mkwaruzo, na noti inakaa muda mrefu bila kushuka. Ilianza kama hitilafu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Nashville, Marekani, njia moja ya mitambo ya studio iliharibika wakati mpiga gitaa Grady Martin akirekodi kwa gitaa la besi la nyuzi sita, na badala ya kufuta rekodi wakaiacha. Mwaka 1962 pedali ya Maestro FZ-1 ikaingia madukani ikiigiza ubovu huo. Haikuwa na soko kubwa mpaka Keith Richards wa Rolling Stones alipoitumia mwaka 1965. Kwa majirani zetu wa Zambia, bendi za miaka ya 1970 kama WITCH na Ngozi Family ziliufanya mkwaruzo huo kuwa mwenyeji kabisa. Atakayesema fazi ni ya Wazungu, mpe hizo asikilize.

Sasa washindani. Wa kwanza ni Bazz Fuss, saketi ya transista moja ambayo ilibuniwa kwa ajili ya besi lakini wapiga gitaa wakaidandia. Wa pili ni Fuzz Face, iliyotolewa na kampuni ya Arbiter ya London mwaka 1966 ndani ya kasha la mviringo lililoigizwa kitako cha stendi ya maikrofoni. Ndiyo ya mpiga gitaa Jimi Hendrix. Wa tatu ni Big Muff Pi ya Electro-Harmonix, New York, mwaka 1969, ambayo wengi wanaijua kupitia David Gilmour wa Pink Floyd.

| | Bazz Fuss | Fuzz Face | Big Muff |
|---|---|---|---|
| Transista | 1 | 2 | 4 |
| Vifaa vyote kwenye saketi | 6 | 11 | vinapita 40 |
| Poti za kuzungusha | 1 | 2 | 3 |
| Muda wa kuunda, kwa mkono wangu | jioni moja | Jumamosi nzima | wikiendi mbili |
| Ukishusha volyumu ya gitaa | inakatika | inasafika | inabaki nene |
| Ukorofi wake | noti hufa ghafla | inachagua transista, na joto | kosa moja dogo, utatafuta siku nzima |

Poti ninazotaja ni zile ambazo mafundi redio huita "volyumu" hata kama hazina uhusiano na sauti. Ukifika dukani sema volyumu ya 100K, utaeleweka haraka zaidi.

Transista moja

Bazz Fuss haina siri. Miguu mitatu ya transista inaitwa kolekta, besi na emita. Rezista (inayobana umeme) ya 10K, yaani omu elfu kumi, kutoka volti 9 kwenda kolekta. Dayodi (inayopitisha umeme upande mmoja tu) kutoka kolekta kwenda besi ya transista, upande wenye mstari ukielekea kwenye besi. Emita inakwenda ardhini, yaani upande wa hasi ya betri. Kapasita (inayopitisha mawimbi na kuzuia umeme wa betri) ya maikrofaradi 4.7 mlangoni, ya nanofaradi 100 kwenye kutokea, na poti ya 100K ya kupunguza sauti. Basi. Unaweza kuiunda bila hata bodi, vifaa vikining'inia kwenye miguu ya poti.

Ndivyo nilivyofanya mimi mara ya kwanza, na haikulia. Yaani ililia, lakini kama mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Mchoro ulitaka 2N3904. Muuzaji pale Kariakoo hakuwa nayo, akanipa BC547, "Chukua hii kaka, ni ileile tu." Kwa kazi, alisema kweli. Kwa miguu, hapana. Ukiishika 2N3904 uso bapa ukikutazama, miguu kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. BC547 ni kolekta, besi, emita. Nilikuwa nimeichomeka kinyume, na transista iliyogeuzwa haifi palepale. Inafanya kazi kidogo tu, kwa shingo upande, na hicho ndicho kinachompoteza anayeanza: anasikia sauti, anadhani tatizo ni rezista. Nikaigeuza, nikapiga uzi wa sita, glasi zikatikisika kabatini. C1815 unazoweza kuzing'oa kwenye redio mbovu zina mpangilio wa tatu, wenye besi pembeni. Angalia karatasi ya kifaa kila mara, usimwamini mtu, hata mimi.

Sauti yake ni ya ukali mmoja. Ukiacha noti ikae, inafika mahali inapasuka na kukata ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Kwenye besi inapendeza sana. Kwenye gitaa la solo inapendeza kwa nyimbo mbili, ya tatu unaichoka.

Uzuri wake mkubwa ni kuchezewa. Toa dayodi ya kawaida, weka taa nyekundu ndogo ya LED: kolekta inapanda volti moja na ushee, sauti inakuwa kubwa na yenye nafasi. Punguza kapasita ya mlangoni iwe nanofaradi 100, matope ya chini yanapungua. Weka MPSA13, ambayo ndani yake ni transista mbili zilizobebana, inakuwa kichaa. Kwa nusu saa unakuwa umejifunza kila kifaa kinafanya nini, jambo ambalo Big Muff haiwezi kukufundisha kwa mwezi.

Transista mbili, na shauri la joto

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoliwa fedha.

Fuzz Face ina rezista nne tu: 33K, 8.2K, omu 470 na 100K. Kapasita tatu: maikrofaradi 2.2 mlangoni, 22 kwenye poti ya fazi, nanofaradi 10 kwenye kutokea. Poti ya fazi ni ya 1K na ya sauti ni ya 500K. Kwa vifaa 11 inatoa kitu ambacho hizi nyingine mbili hazina: inasikiliza mkono wako. Weka fazi karibu na mwisho, kisha rudisha volyumu ya gitaa lenyewe mpaka kama 7. Mkwaruzo unaondoka, inabaki sauti safi yenye kumetameta ambayo hata ampu peke yake haikupi. Unapiga rithimu ukiwa hapo, ukifika kwenye solo unafungua volyumu kwa kidole kimoja tu, bila kukanyaga chochote.

Swali ni transista za aina gani. Za mwanzo zilikuwa za jemaniamu, kama AC128 na NKT275. Baadaye zikaja za silikoni, kama BC108 na BC183. Mtandaoni utasoma kwamba jemaniamu ndiyo "yenyewe", ni laini, ni ya joto. Kweli ni laini. Lakini neno joto hapa lina maana mbili, na ya pili haiuzwi nayo kwenye tangazo.

Transista ya jemaniamu huvuja umeme hata ikiwa imefungwa, na uvujaji huo huongezeka takriban mara mbili kwa kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka. London, ilikozaliwa saketi hii, hakuna joto la kwetu. Mimi niliiweka yangu sawa usiku, feni ikiwaka, kolekta ya transista ya pili ikisoma volti 4.5 kama inavyotakiwa, nusu ya betri. Jumapili mchana tukapiga chini ya turubai, Februari, Dar es Salaam. Kufikia wimbo wa tatu gitaa lilikuwa linatema sauti vipandevipande kama redio yenye betri kuukuu. Nikadhani waya. Nikabadilisha waya. Nyumbani usiku, pedali imepoa, ikalia vizuri kabisa kana kwamba inanidhihaki.

Kuna kero nyingine mbili za jemaniamu. Kwanza, mita za bei rahisi zenye kitundu cha kupimia transista huhesabu uvujaji kama nguvu, hivyo transista inayovuja sana inaonekana bora kuliko nzima. Pili, nyingi ni za aina ya PNP, na saketi ya asili inaweka chanya ya betri kwenye ardhi. Ukiiunganisha kwenye adapta moja na pedali zako nyingine unapiga shoti. Itabidi iwe na betri yake peke yake.

Kwa hiyo msimamo wangu: kama uko pwani, au unapigia chini ya mabati, unda ya silikoni. BC108 zikikosekana, tafuta BC547 yenye herufi A mwishoni. Zenye nguvu ndogo hulia kwa ulaini zaidi kuliko zile za herufi C. Silikoni ina ukali wa juu na haisafiki sana kama jemaniamu ukishusha volyumu, hilo nakubali. Lakini italia Jumapili kama ilivyolia Jumamosi. Ukiwa Arusha, Iringa au Limuru, mambo ni tofauti, jaribu jemaniamu na usinisikilize. Zinapatikana bado ndani ya redio za zamani za transista zilizotupwa stoo. Ila muulize mzee mwenye redio kabla hujaifungua.

Marekebisho manne nayafanya kwenye kila Fuzz Face ninayoiunda, na kama hutayafanya, bora ubaki na Bazz Fuss:

Badala ya ile 8.2K, weka trimpoti ya 20K, ile ndogo inayozungushwa kwa bisibisi. Weka mita kwenye kolekta ya transista ya pili, zungusha hadi usome kama 4.5. Halafu weka mita chini, piga gitaa, zungusha kidogo huku na huku kwa sikio. Yangu moja inalia vizuri zaidi ikiwa 5.1, sijui niseme nini.

Ile ya omu 470 ibadilishe iwe 1K. Sauti ya asili inayotoka ni ndogo kwa kuwa inachukuliwa kwenye kiungo cha rezista hiyo na ile ya 8.2K. Ukiikuza hii ya 470, unachukua fungu kubwa zaidi.

Gitaa lako likiwa na pikapu nene za koili mbili, shusha kapasita ya mlangoni kutoka maikrofaradi 2.2 hadi nanofaradi 220. Ukipiga kodi kamili, nyuzi zote pamoja, utasikia nyuzi moja moja badala ya ugali.

Na weka kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na besi ya transista ya kwanza. Niliiruka siku moja, nikaifungia saketi ndani ya kontena la plastiki la chakula, na saa mbili usiku ampu ikaanza kusoma taarifa ya habari. Fazi hukuza kila kitu kinachoingia, na waya mrefu ndani ya plastiki ni antena.

Jambo la mwisho kuhusu hii: inataka kuwa ya kwanza baada ya gitaa. Mlango wake unalivuta gitaa moja kwa moja, na huko kuvutana ndiko kunakoifanya isafike. Ukitanguliza pedali yenye bafa (saketi ndogo inayolitenga gitaa na kinachofuata), au gitaa lenye pikapu za betri, au mtambo usio na waya, uchawi wote unaondoka na inabaki kelele kali. Kama chombo chako ni cha aina hiyo, usipoteze muda na Fuzz Face. Nenda sehemu inayofuata.

Transista nne

Big Muff haijali kilicho mbele yake. Transista ya kwanza inakuza, ya pili na ya tatu kila moja inakata mawimbi kwa jozi ya dayodi, ya nne inarudisha nguvu iliyopotea kwenye toni. Kwa kuwa ukataji unafanywa na dayodi, aina ya transista haibadilishi mambo sana. 2N5088, BC547, chochote cha silikoni kilichopo, alimradi miguu iko mahali pake. Joto haliisumbui. Noti inakaa mpaka unaweza kwenda kunywa maji ukarudi.

Ubaya wake ni katikati. Poti ya toni ikiwa katikati, saketi inachimba shimo karibu na hezi 1,000, na hapo ndipo gitaa linapoishi kwenye bendi. Chumbani ukiwa peke yako inasikika kama kanisa zima. Ukiingia kwenye bendi yenye kinanda, besi, tumba na waimbaji sita, unapotea. Unaona vidole vyako vinakwenda, husikiki. Niliwahi kumwona kijana akiongeza sauti ya ampu mara tatu katika wimbo mmoja, mpiga kinanda akimtolea macho, na bado solo lake halikutoka.

Dawa ipo na ni ya bei ya pipi. Kwenye toni kuna kapasita ya nanofaradi 3.9 au 4 inayopitisha sauti za juu. Ibadilishe iwe 10, shimo linajaa. Weka swichi ndogo ya kuchagua kati ya hizo mbili kama hutaki kuamua. Swichi nyingine ikate dayodi za hatua ya tatu: sauti inaruka juu na kufunguka.

Kuiunda ndiyo kazi. Vifaa zaidi ya 40 kwenye vero bodi (ubao wa matundu wenye mistari ya shaba), njia za shaba za kukatwa kwa ncha ya keekee moja baada ya nyingine, na chembe moja ya shaba iliyobaki kati ya njia mbili inatosha kuinyamazisha. Kabla ya kuwasha, pitisha ncha ya kisu kati ya kila njia na jirani yake. Ikikataa bado, usianze kung'oa vifaa. Chukua waya, mwisho wake ulehemu kapasita ya nanofaradi 100, upande mwingine uingize kwenye ampu na ardhi ziunganishwe. Mtu apige gitaa, wewe gusa kwa ncha ya kapasita: mlangoni, besi ya kwanza, kolekta ya kwanza, uendelee hivyo. Sauti ipo, ipo, ipo, haipo. Kosa liko kati ya mguso wa mwisho na uliotangulia. Kwa njia hii nilimpatia jirani yangu kosa lake kwa dakika kumi, baada ya yeye kubadilisha transista zote nne. Ilikuwa rezista ya omu 100 iliyokaa mahali pa 100K. Rangi zake, kahawia-nyeusi-kahawia na kahawia-nyeusi-njano, chini ya balbu ya manjano ni mapacha. Pima kila rezista kwa mita kabla ya kuilehemu.

Nani achukue ipi

Hujawahi kushika chuma cha kulehemu: Bazz Fuss, wala usifikirie mara mbili. Mpiga besi: Bazz Fuss vilevile, na huenda usitafute nyingine.

Unapiga solo na rithimu kwenye bendi, gitaa lako ni la kawaida lisilo na betri: Fuzz Face ya silikoni yenye trimpoti. Ndiyo iliyo mguuni kwangu. Jemaniamu iwe ya pili, ya kupigia nyumbani.

Unarekodi chumbani, au kanisani kwenu gitaa linapitia mtambo usio na waya, au unataka noti ndefu za kuombolezea: Big Muff, na ile kapasita ya 10 usiisahau.

Unataka zote tatu? Ziunde kwa mpangilio huohuo wa moja, mbili, nne. Nimeona watu wawili wakianza na nne, na pedali zote mbili ziko kwenye droo mpaka leo.

Kasha na umeme, kwa zote

Makasha ya alumini yanayotumika nje ni mazuri ila kuyaagiza ni gharama. Maduka ya vifaa vya umeme yana boksi la chuma la swichi ya ukutani la 3×6 na mfuniko wake bapa wa chuma. Lina matundu tayari ya kupitisha mabomba, yanapanuliwa kidogo kwa tupa hadi jeki inakaa. Chuma kikiunganishwa na ardhi kinazuia taarifa ya habari. Ila angalia kina chake: betri ya volti 9 inakaa ikilala tu.

Swichi ya kukanyaga ya miguu 9 ichomwe kwa haraka, mguu mmoja kisha upumzike, kwa kuwa plastiki ya ndani huyeyuka kabla hujaona moshi. Jeki ya mlangoni iwe ya stirio, hasi ya betri ipite kwenye pete yake, ili ukichomoa waya wa gitaa umeme ukatike. Taa ya LED yenye rezista ya 4.7K inakula kama miliampia 1.5, ambayo ni mara mbili ya saketi nzima ya Bazz Fuss. Mimi huwa siiweki. Fazi ikiwa imewaka, kila mtu ukumbini anajua.

Kabla ya kufunga, bandika utepe wa umeme upande wote wa ndani wa mfuniko. Ukikaza skrubu ya mwisho na sauti ikakatika, legeza nusu mzunguko. Ikirudi, hakuna kilichoungua: ni mguu wa rezista mmoja mrefu unaogusa chuma. Fungua, ukate.